Mishale Nyuma ya Daftari

Binti wa Dheere alibisha kwangu saa nne asubuhi akiwa na chupa tupu ya maji, ile ya lita moja na nusu. Sikumjua. Alinisalimu kwa Kisomali cha mtu aliyekulia Nairobi, akakwama katikati ya sentensi ya tatu, akahamia Kiswahili, lugha ambayo nimeifundisha katika mji huu wa Garissa kwa zaidi ya miaka ishirini. Akasema anaitwa Hodan, kwamba baba yake amerudishwa kutoka Nairobi wiki iliyopita na amelazwa nyumbani kwa ndugu yake huko Iftin, kwamba ini limekwisha na madaktari wamesema hakuna la kufanya. Kisha akalitaja jina la baba yake. "Amenituma kwako, Eddo Sahra," akasema, akiniita shangazi kama adabu inavyotaka kwa mwanamke wa umri wangu. "Amesema unawe mikono, alafu unipee hiyo maji nimpelekee. Amesema wewe utajua ni ya nini."

Nilijua. Nilimkaribisha akae, nikampa chai, nikaichukua ile chupa nikaenda nayo jikoni. Nilichokifanya huko nitakieleza mahali pake. Kwanza nataka kuueleza mwaka wa tisini na sita, kwa sababu watu wa mji huu wanaoukumbuka wanaukumbuka vibaya, na kwa sababu nimeubeba muda wote huu bila kuupunguza hata kidogo. Husemwa kwamba umri unalainisha moyo. Wangu haujalainika, na sitajifanya.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nane, nikikaa kwa eddo Halima, dada ya baba yangu, mtaani Iftin. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya udongo uani na kimoja cha mawe mbele, kilichotazama barabara, na hicho cha mawe alikipangisha kwa Abdirashid, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye kila mtu alimwita Dheere, yaani mrefu, kwa kuwa mlango wetu ulimlazimu kuinama. Alikuja na televisheni ndogo, mashine ya gemu ya plastiki nyeupe iliyokwisha kuwa ya manjano, padi mbili za kushika mkononi, na kaseti saba za michezo alizozihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alitandika mkeka sakafuni, akapigilia gunia dirishani ili jua lisiue picha, na kuanzia asubuhi hadi magharibi chumba kikajaa vijana waliokaa goti kwa goti wakinuka jasho na miraa, wakisubiri zamu. Jiko letu lilipakana na chumba hicho. Ukutani palikuwa na tundu la ukubwa wa sufuria, limefunikwa kwa pazia, ambalo eddo alipitishia chupa za chai ya tangawizi, na waya wa umeme uliomhudumia Dheere ndio uleule uliotoboa ukuta ukaja kuwasha taa yetu moja na kuchomekewa pasi. Nilikaa pale chini ya tundu nikichambua ambulo, yale maharagwe madogo mekundu yanayochemshwa kutwa na kuliwa jioni kwa sukari na mafuta ya simsim. Daftari langu la sayansi lilikuwa wazi juu ya debe, na masikio yangu yalikuwa upande wa pili.

Dheere alikuwa na taratibu zake. Kaseti ikikataa, na katika vumbi la Garissa kaseti hukataa kila siku, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Aliitoa, akasema bismillahi, akaipuliza mara tatu polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akairudisha mahali pake, na picha ikaja. Ng'ambo ya barabara alikaa Maalim Bare, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye watu walimletea watoto wenye homa na wake wasioshika mimba, naye aliwasomea aya na kuwapuliza vivyo hivyo, mara tatu, pumzi yenye mate kidogo. Vijana walikuwa wakitania kwamba Maalim hupuliza watu na Dheere hupuliza plastiki, na wagonjwa wa wote wawili hupona. Kisha kulikuwa na kile walichokiita siri. Siri ilikuwa mfululizo wa vitufe vya kubonyezwa kabla mchezo haujaanza, chini, juu, chini, kushoto, kwa mpango usioruhusu kosa, na ukiupata mtu wako anaanza na maisha tisa badala ya matatu, au ngumi yake inaongezeka uzito maradufu. Dheere alizipata siri hizo Eastleigh, Nairobi, na alizilinda kuliko alivyozilinda swala zake. Akitaka kuweka siri alifunika mikono na padi kwa shuka, akatazama dari, midomo ikahesabu kimya. Aliwaambia wale vijana kwamba siri haimkubali mtu asiyepewa ruhusa na mwalimu wake. Walimwamini. Walimletea miraa, walimfulia nguo, wakingoja siku ya kupewa ruhusa, na nadhani hata mimi niliamini kwa mwezi mmoja au miwili.

Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, na shuka haizibi sauti. Padi aliyoitumia ilikuwa kuukuu: kitufe cha juu kililia, cha chini kilikuwa bubu, cha kushoto kiligonga mara mbili na cha kulia mara moja. Nilizikariri sauti hizo nikichambua maharagwe, kisha nikazichora kwa mishale nyuma ya daftari langu la sayansi, mstari kwa mstari, nikiacha nafasi tupu pale nilipokuwa na shaka. Na kila Ijumaa chumba kilibaki tupu. Adhana ikisikika Dheere na watu wake wote walitoka kwenda msikitini, eddo akanituma nikafagie vijiti na majani ya miraa, na kwa muda wote wa hotuba na swala mashine ilikuwa yangu. Nilishusha sauti ya televisheni, nikaweka daftari gotini, nikajaza zile nafasi tupu kwa kubahatisha. Ijumaa ya tano siri ya kwanza ilikubali. Mtu wangu akasimama pale na maisha tisa, na mimi, msichana ambaye hakuna aliyempa ruhusa yoyote, nikayacheza yote tisa.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu wakati huo. Anayecheza gemu na anayefanya uchawi wote wawili hukaa mbele ya kitu wasichojua ndani yake kikoje. Hurudia maneno au vitufe kwa mpango waliorithishwa. Wakikosea kimoja huanza upya, na wakipata hawajui kwa nini wamepata. Wote hupuliza. Na wote wanamhitaji mkubwa anayeficha mikono, maana mikono ikionekana ukubwa umekwisha. Dheere alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Iftin, ndiyo maana hakuweza kunisamehe siku nilipoionyesha yangu hadharani.

Ilikuwa siku ya harusi. Mwezi wa Agosti eddo alimwoza binti yake Khadra, ua ukajaa wanawake wakiimba buraanbur, masufuria ya wali na nyama ya ngamia yakipishana, na Dheere, kwa heshima ya wenye nyumba, akafungua chumba chake bure kwa wageni wote, wasichana nao. Niliingia na sahani ya halwa. Alikuwa akiwapiga watu katika mchezo wa ngumi, mmoja baada ya mwingine, akiuliza nani amebaki, na alipouliza mara ya tatu niliweka sahani chini nikaketi. Watu walicheka. Mchezo wa kwanza nilimshinda kwa shida, wa pili kwa urahisi. Kabla ya wa tatu alifunika mikono kwa shuka akaweka siri yake, na mimi nikaweka ileile, mikono wazi juu ya magoti, vidole vikionekana na kila mtu. Kijana mmoja aliihesabu kwa sauti nilipokuwa nikiibonyeza. Nikampiga Dheere tena, mbele ya bwana harusi. Vijana walianguka mkekani kwa kicheko, wakampokonya shuka wakaivaa kichwani, naye akacheka pamoja nao, akaniambia masha'Allah, nina mikono mizuri. Lakini aliukunja mkeka mapema siku hiyo. Mimi nilirudi uani nikala wali kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena kwa ushindi wowote.

Kesho yake mashine ilikataa. Alipuliza kutwa, akapuliza na siku ya pili, na siku ya tatu akalala na homa. Ndipo alipomwambia eddo kwamba mara nyingi amenisikia nikinong'ona nyuma ya pazia, kwamba msichana ambaye hajawahi kuigusa mashine hawezi kumshinda mwenyewe bila msaada wa wasioonekana, na kwamba nina daftari ninalolificha. Eddo aliogopa wakwe wapya wasije wakasikia. Alipekua mfuko wangu wa shule, na baada ya alasiri akamwita Maalim Bare.

Tulikaa uani wanne: eddo, Maalim, Dheere akiwa amejifunika blanketi, na mimi. Maalim alifungua daftari, akapita moyo wa binadamu na mzunguko wa maji, akafika nyuma kwenye mishale, akaifuatisha kwa kidole. Sitamsema vibaya Maalim Bare. Alikuwa mtu mwadilifu aliyeogopa kudhulumu. Alisema hiki si Kiarabu, wala Kiingereza, wala hesabu anayoijua. Alisema wachoraji wa talasimu hutumia alama kama hizi, ila yeye si mtu wa mashine na hataki kukisia. Nikasema ni siri za gemu, nimezisikia kupitia ukutani. Basi akampa Dheere daftari. "Abdirashid, wewe ndiye mwenye mashine. Hii ni ya mashine yako?" Dheere akainamia ukurasa. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuiona midomo yake ikisogea, ikihesabu kimya, chini, juu, chini, kushoto, mpaka mwisho wa mstari wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu. Alizisoma siri zake mwenyewe bila kukosea hata moja.

"Sijui," akasema.

Maalim akamuuliza tena, akamkumbusha kwamba anaulizwa juu ya mtoto wa watu. "Wallahi sijawahi kuziona." Mara ya tatu Maalim aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama anayemwachia mlango wazi, na mara ya tatu Dheere akaapa.

Kwetu mtu akidhaniwa amemtia mwenzake jicho baya, au amemfunga kwa namna nyingine, huombwa anawe, na maji aliyonawia humwagiwa mgonjwa. Huwezi kukataa, kwa sababu anayekataa amekiri. Eddo alileta beseni la bluu la kufulia. Nilinawa uso, mikono hadi viwiko, na miguu, mbele ya majirani waliokuja kutazama, bado wakitafuna nyirinyiri, ile nyama kavu ya harusi, na Maalim akayasomea yale maji, na Dheere akamwagiwa mgongoni. Akashusha pumzi, akasema amejisikia mwepesi. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani hata yeye hakulipanga. Alichovya ncha ya shuka ndani ya beseni, akaikamua, akaenda chumbani akaisugua kaseti ya ngumi pale kwenye meno yake ya shaba, akaichomeka. Picha ikaja, safi kuliko siku zote. Ulikuwa uchafu wa mwaka mzima, vumbi lililogandishwa na mate yake ya kupuliza, na kitambaa chenye unyevu kiliutoa, lakini nani angesikiliza maelezo kama hayo. Wanawake walisema Allahu Akbar. Dheere alitoka mlangoni ameinama, akanitazama, na hofu niliyoiona usoni mwake ilikuwa ya kweli. Alikuwa ametunga uongo alasiri hiyohiyo, na kabla jua halijazama ulikuwa umeshamshika mwenyewe.

Daftari lilioshwa kwa maji ya chumvi ukurasa kwa ukurasa, moyo wa binadamu na mzunguko wa maji vikaenda pamoja na mishale. Mimi nikaamriwa kusomewa. Shule zilipofunguliwa Septemba nilikuwa nikikaa barazani kwa Maalim kila siku tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikisikiliza aya na kunywa maji ya chumvi yaliyonitapisha anjera niliyokula alfajiri. Mwalimu wangu wa darasa, Bwana Mutua, mtu wa Kitui, alikuja mara mbili kuniulizia. Mara ya pili eddo alimjibu mlangoni kwa Kiswahili chake: "Mwalimu, huyu msichana iko na shida. Si shida ya hosbitali. Wewe ngoja bole bole, atabona." Bwana Mutua akasema mtihani hauwezi kungoja. Eddo akasema Mungu ndiye mwenye mitihani. Najua alinipenda, na najua alidhani ananiokoa, kwa hiyo hasira yangu ilimruka yeye ikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mawe, ambako mtu aliyejua ukweli wote alikuwa akiweka siri chini ya shuka mpya. Asubuhi ya mtihani, mwezi wa Novemba, wenzangu walipita barabarani na penseli zao ndani ya mifuko ya plastiki. Fatuma, niliyekaa naye dawati moja miaka minne, aliniona pale barazani akavuka upande wa pili wa barabara. Katika gemu ukifa unaanza upya na hakuna anayekucheka. Mimi nilianza upya darasa la nane mwaka uliofuata, nikiwa nimekaa nyuma kabisa, kati ya watoto walionifikia begani.

Lakini kabla ya huo mwaka uliofuata kulikuwa na Desemba. Mtihani ulipokwisha na kusomewa kukakoma, kana kwamba pepo nao walikuwa wakingoja niukose, nikarudi jikoni. Eddo alikuwa ameenda kumtunza Khadra aliyesumbuliwa na mimba changa, akaniachia nyumba na nguo za kupiga pasi. Siku zote alinikataza kuchomeka pasi wakati wa gemu, maana umeme wetu ulikuwa dhaifu: pasi ikiingia, taa inafifia, na upande wa pili picha inaruka na mashine inajizima katikati ya mchezo. Sasa hakukuwa na wa kunikataza. Ila pasi peke yake ingekuwa hitilafu ya umeme tu, na mimi sikutaka iwe hitilafu. Nilitaka ajue ni mimi. Kwa hiyo chai niliacha kuipitisha tunduni, nikawa naipeleka kwa mlango, nikasimama pale anaponiona vizuri, nikangoja mpaka amekaribia kushinda. Kisha nikasema kwa upole, "Dheere, una mikono mizuri." Nikaishia hapo. Kwetu kumsifu mtu bila kusema masha'Allah ndiko kumtia jicho kwenyewe, hata mtoto anayejifunza kuongea anajua. Nikarudi jikoni bila haraka, nikahesabu hadi ishirini, nikachomeka pasi.

Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili padi ilimponyoka. Siku ya tatu, nilipomsifu, aliacha kucheza akanigeukia. "Sema masha'Allah, Sahra." Nikammiminia chai. Vijana walianza kukaa mbali naye, halafu wakaanza kuja nisipokuwapo, halafu wakaacha kabisa. Alifuta kaseti zote kwa maji ya msikitini, akazifuta kwa maji yaliyosomewa na Maalim, na hayakusaidia kitu kwa sababu pasi haiogopi maji ya mtu. Nilikuwa nikilala vizuri siku hizo. Chakula kilirudi kuwa na ladha. Nililipiza kila asubuhi ya chumvi, na kila niliposikia kelele za mashine kuzimika nilihesabu somo moja nililolikosa, sayansi, jiografia, Kiswahili, na sikuwa na nia ya kukoma kabla hayajaisha.

Alasiri moja alikuja mlangoni pa jiko ameinama, birika la plastiki la kutawadhia mkono mmoja, beseni letu la bluu mkono wa pili. Uani palikuwa na wanawake watatu wa jirani waliokuja kuomba chumvi na vijana wawili waliobaki wa kwake. Akaliweka beseni miguuni pangu. Akaniita walaal, dada yangu, neno ambalo hakuwahi kuniita. "Walaal, nawa. Mara moja tu."

Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo lililoamua mengine yote. Nilikuwa tayari kunawa. Lau angesema pale, mbele ya wale watu watano, kwamba mishale ilikuwa yake na kwamba aliijua, ningenawa hadi viwiko na ningesema masha'Allah mara saba. Niliona akitaka kusema. Midomo ilisogea kama ilivyosogea siku ile ya daftari. Kisha akawatazama wale wanawake, akawatazama vijana wake, akafunga mdomo.

"Maji yangu yaliisha asubuhi ya mtihani," nikamwambia.

Aliliinua birika akaondoka, beseni akaliacha. Kabla mwezi haujaisha alipakia televisheni yake kwenye lori la mbuzi akahamia Nairobi, na eddo aliporudi akakuta chumba kitupu chenye gunia dirishani. Hakuniuliza. Tangu siku hiyo, mpaka anaaga dunia, hakuwahi kunisifu hata kwa kupika chai bila kulitaja jina la Mungu kwanza, na hilo nalo namdai Dheere.

Habari zake zilinifikia hata nilipokuwa chuo cha ualimu, maana Garissa na Eastleigh ni nyumba moja yenye milango miwili. Duka lake liliungua, akasema ni mimi. Mke wake wa kwanza alimwacha, akasema ni mimi. Nilizipokea habari hizo kwa raha, na simwombi mtu radhi. Nilipoambiwa amezika mtoto wa kiume niliacha insha mezani siku nzima, sikumwambia mtu nilichokuwa nikifikiri, na kesho yake nikarudi kuzisahihisha. Mara mbili alituma watu waje kuomba maji. Niliwarudisha mikono mitupu. Darasani, wanafunzi wakianza hadithi za majini na watu waliofungwa, huwaambia kwamba hakuna kitu kama hicho. Kuna vumbi, kuna umeme dhaifu, na kuna mtu anayeogopa.

Sasa nirudi jikoni kwangu, siku ile ya chupa. Nilisimama mbele ya mfereji nikisikia Hodan akikoroga sukari sebuleni. Mtu anakufa, na alichotaka ni maji yaliyopita mikononi mwangu. Hayangenipunguzia kitu. Nilichukua kitambaa cha vyombo, nikaishika chupa kwa kitambaa, nikaijaza moja kwa moja kutoka mfereji, nikaangalia lisiniguse hata tone. Kifuniko nacho nikakifunga kwa kitambaa kilekile. Hodan alishukuru, akainama kunibusu mkono, na mkono wangu ulikuwa mkavu.

Dheere alifariki siku ya tatu. Nilienda matangani, nikakaa na wanawake, nikala tende, nikasema yanayosemwa. Hodan alikuja akaketi karibu nami, akatoa chupa kutoka chini ya hijabu yake. Ilikuwa nusu. Akaniambia baba yake alikunywa akalala vizuri usiku kucha, mara ya kwanza tangu wamrudishe, na asubuhi akasema Sahra amemfungua. "Alafu akasema nikwambie, hizo mishale alizijua. Zote. Akasema siku ile alitaka kusema lakini watu walikuwa wengi." Alinitazama aone kama nimeelewa, kwa sababu yeye hakuelewa. "Na hii imebaki akasema irudishwe kwako."

Hilo ndilo neno nililolingoja uani nikiwa na miaka kumi na minne, na alilileta msichana asiyejua mishale gani, katika chumba ambamo hakuna aliyekuwa akisikiliza. Nikasema Mungu amrehemu. Nikaipokea chupa kwa pindo la ushungi wangu.

Iko dirishani jikoni hadi leo. Ni maji ya mfereji, namjua aliyeyatia humo. Alipata utulivu wake kwa maji yasiyo na kitu, kama vile alivyopata maisha tisa chini ya shuka, na hilo linaniudhi kuliko kufa kwake. Lakini jambo jingine linaniudhi zaidi, na limenijia nikiwa hapa mbele ya sinki. Kama hakuna kitu mikononi mwangu, kitambaa kilikuwa cha nini? Mtu haogopi kumwaga kile asichokuwa nacho. Nilimnyima, na ningemnyima tena lau binti yake angebisha kesho na chupa nyingine, hata baada ya ujumbe ule. Nasafisha dirisha kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Chupa naisogeza ili nifute vumbi chini yake, na naisogeza kwa kitambaa.